Mbuzi Inayokunjwa

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Pangani kututembelea hapa Rotterdam kwa miezi miwili, alikaa wiki nzima dirishani akitazama maghorofa, kisha akamwambia binti yake kwa upole kwamba maghorofa ameshayaona, sasa angependa kuona Wazungu wanalima wapi. Mke wangu alinitazama, na siku hiyohiyo nilikwenda kununua daftari.

Yafaa nieleze kwamba katika ukoo wa mke wangu mimi ninaitwa Katibu, na jina hilo sikupewa kwa kusifiwa. Nimewahi kuandika ratiba ya dakika kwa dakika ya harusi ambayo sikuwa hata kwenye kamati yake. Basi nikaamua kwamba tutakwenda juma moja mashambani Ufaransa, na nikaanza kuandika. Niliandika kwamba mwezi wa Julai na Agosti nyumba nyingi za likizo huko hukodishwa kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi. Kwamba mashuka na taulo mara nyingi mpangaji huja navyo mwenyewe. Kwamba mikahawa ya vijijini hutoa chakula cha mchana kati ya saa 6 na saa 8, na anayefika saa 8 na robo hutazamwa kama mtu aliyekuja kukopa. Na kwamba Jumapili mchana maduka mengi hufungwa, kwa hiyo asiyenunua mkate mapema atalala na njaa yake. Niliandika pia kwamba visa ya Schengen aliyopewa mama kuja Uholanzi ilimruhusu kuingia Ufaransa bila visa nyingine, na kwamba bima yake ya safari ilifika zile euro 30,000 zinazotakiwa. Kurasa kumi na moja zilijaa kabla sijachagua hata nyumba.

Nyumba niliyoichagua ilikuwa ya mawe, nje kidogo ya mji wa Figeac katika mkoa wa Lot, kusini magharibi mwa Ufaransa. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo ambaye alijua Kifaransa peke yake. Katika picha za tangazo lake kulikuwa na mbuzi wawili weupe wamesimama juu ya ukuta, nami nikawapita bila kuwatilia maanani kwa kuwa nilikuwa nikihesabu vitanda.

Kazini kwangu yupo rafiki yangu mmoja wa Bukavu ambaye Kifaransa amekisoma tangu darasa la kwanza, naye alijitolea kuniandikia barua zote. Nilimshukuru, nikakataa. Nilikuwa na programu ya tafsiri katika simu, na sikutaka mtu mwingine asimame kati yangu na daftari langu.

Mtego wa kwanza niliuona mwenyewe, na hadi leo ninaamini kwamba huo ndio ulioniponza. Mama mkwe hali wali usio wa nazi, na tui la kopo kwake ni dawa ya kupaka viatu. Nilitaka kumuuliza mwenye nyumba kama nazi zinapatikana Figeac. Nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba mama mkwe wangu hawezi kukaa siku saba bila nazi, na kwamba kama huko hazipo tutakuja nazo kumi, mara mkono ukaganda hewani. Huku Ulaya herufi hizo nne ni jina la chama cha Hitler, ambacho majeshi yake yaliikalia Ufaransa kuanzia mwaka 1940 hadi 1944, na mama huyu kwa umri wake bila shaka alilelewa na watu walioyaona kwa macho. Nilifuta kila kitu, nikaandika "matunda ya mnazi", na kwa siku mbili nzima nilikuwa nikijipongeza. Mtu aliyekwepa shimo la namna ile, nilijiambia, haanguki tena.

Siku ya tatu mama mkwe akasema kwamba nazi bila mbuzi hazina maana, na kwamba mbuzi yake aliyokuja nayo kutoka Pangani lazima isafiri. Mimi ni mpangaji mwadilifu, na sikutaka kuingiza jikoni kwa watu chombo chenye chuma cha meno bila idhini. Nikaandika hivi: "Mama mkwe wangu hasafiri bila mbuzi yake. Ni ndogo, inakunjwa, na yeye huikalia anapokuwa jikoni. Je, tunaweza kuja nayo?"

Wewe unayesoma Kiswahili hukupata tabu hapo. Nimesema yake, sikusema wake. Nimesema inakunjwa, sikusema anakunjwa. Ngeli imemaliza kazi. Lakini Kifaransa hugawa majina yake kwa kike na kiume, hakijali kipi kina roho na kipi hakina, na ngeli yangu yote ilipotelea njiani. Kilichofika Figeac ni kwamba yuko bibi wa Kiafrika mwenye mbuzi mdogo ambaye humkunja na kumkalia.

Jibu lilichukua siku nzima, nalo lilikuja kwa Kiswahili cha mashine: "Bibi anapenda sana, mimi ninaelewa. Mnyama karibu. Jikoni hapana. Kukunja hapana tafadhali."

Nilicheka mpaka nikamwita mke wangu aje aone. Nilimweleza kwamba mashine ya huyu mama ni mbovu kupita kiasi, maana neno chombo imeligeuza kuwa mnyama. Haikunipitia kabisa akilini kwamba ilikuwa mashine ileile niliyoitumia mimi.

Akauliza umri na hali ya afya. Nikaona ni swali la ajabu, lakini labda aliogopa mbao zenye wadudu, kwa hiyo nikajibu kwa ukamilifu, kama ilivyo desturi yangu: kwamba mama alipewa siku ya harusi yake, mwaka 1981, na bado ni imara, kwamba mguu mmoja tu ndio umelegea, ila nitaupigilia msumari kabla ya safari, na kwamba meno yake ni makali, kwa hivyo njiani tutayafunga kitambaa. Jibu lilikuja chini ya dakika mbili: "Msumari hapana! Hapana! Mimi ninaita daktari."

Hapo niliguswa sana. Nilimwambia mke wangu kwamba watu wa mashamba ni wakarimu popote duniani: mama hatujuani naye, lakini yuko tayari kutuitia seremala, na mashine yake imemtaja seremala kama daktari.

"Mpigie shemeji wa Bukavu simu," alisema mke wangu.

"Ya nini? Tunaelewana vizuri."

Akauliza inakula nini. Nikajibu kwamba kazi yake ni matunda ya mnazi tu, mawili kwa siku. Akauliza namba ya sikio. Niliigeuza mbuzi juu chini nikitafuta sehemu inayoweza kuitwa sikio, nikakosa, nikamjibu kwamba haina namba yoyote kwa sababu ilitengenezwa na fundi wa mtaani. Baada ya hapo alinyamaza siku tatu, nami nikaandika katika daftari: suala la mbuzi, limekwisha.

Safari yenyewe ilikwenda kama nilivyoiandika. Tulipanda treni ya Paris asubuhi, tukavuka jiji kwa metro njia nambari 5 kutoka Gare du Nord hadi Austerlitz, mama mkwe akiwa amekumbatia mkoba wake kama mtu aliyebeba mahari, kisha saa nne na ushee hadi Brive-la-Gaillarde, na kutoka hapo treni ndogo iliyopita katikati ya vilima vya mawe meupe na kondoo. Mbuzi ilikuwa ndani ya sanduku kubwa, imeviringishwa khanga mbili, na nazi kumi zimeizunguka.

Tuliposhuka Figeac jioni, tulimkuta mwenye nyumba anatungoja. Nyuma ya gari lake alifunga tela lililotandikwa nyasi kavu, na pembeni yake alisimama mwanamume mwenye mfuko wa ngozi. Nilifurahi kuona seremala amekuja mwenyewe hadi stesheni. Mama yule alitupa mikono haraka, lakini macho yake yalikuwa nyuma yetu, kwenye milango ya treni, akingojea mtu mwingine ateremke. Milango ikafungwa. Treni ikaondoka. Akanigeukia, akasema maneno mengi, na alipoona sikuelewa hata moja, aliweka vidole viwili juu ya kichwa chake, kimoja huku na kimoja kule, akavichezesha.

Mama mkwe wangu ni mtu wa adabu. Alidhani ni salamu ya huko, naye akaweka vidole viwili juu ya mtandio wake, akavichezesha kumjibu.

Nikampigia rafiki yangu wa Bukavu, nikafungulia sauti. Wakazungumza kwa muda, kisha akarudi kwangu. "Kaka, huyu mama anauliza, mbuzi iko wapi?"

"Mwambie imo ndani ya sanduku."

Simu ilinyamaza. "Ndani ya sanduku? Toka Rotterdam?"

"Toka Rotterdam. Nimeifunga khanga mbili isigongegonge."

"Inapumua?"

Hapa ndipo ningeokolewa na ngeli kama ningekuwa nazungumza na mtu wa Tanga. Lakini Kiswahili cha Bukavu hakisumbuki na mambo hayo. Mbuzi mwenye pembe kwao naye iko, na inapumua, na imekufa. Zaidi ya hayo, pwani ya Ziwa Kivu hakuna minazi, na rafiki yangu alikuwa hajaona mbuzi ya kukunia maishani mwake. Kwa uaminifu mkubwa alimfasiria mama yule kila neno langu, na nilimwona akishika moyo. Yule mwanamume mwenye mfuko alipiga magoti palepale kwenye jukwaa la stesheni, akavuta zipu ya sanduku letu kwa tahadhari ya mtu anayefungua jeraha, akaondoa khanga ya kwanza, akasema neno la kubembeleza, akaondoa ya pili.

Sitasahau uso wake. Mtu aliyesomea kutibu wanyama aliishika mbuzi ya mama mkwe wangu kwa mikono miwili, akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaikunjua, akaukuta mguu uliolegea, akautikisa. Kisha akasema jambo moja fupi, na simu ikapasuka kwa kicheko cha Bukavu.

"Anasema mgonjwa huyu si wake," rafiki yangu alisema alipopata pumzi. "Anasema mpeleke kwa seremala."

Mama mkwe, ambaye hakuwa akielewa ugomvi ni wa nini, alimpokonya daktari mbuzi yake kwa heshima, akaiweka chini, akaikalia upande kama inavyotakiwa, akachukua nazi moja na kuonyesha kwa mikono mitupu jinsi inavyokunwa. Mwenye nyumba alicheka mpaka akaketi ndani ya tela, juu ya zile nyasi.

"Mwanangu," mama mkwe aliniuliza, "kwani huku hawana mbuzi?"

Walikuwa nao thelathini. Mwenye nyumba alikuwa mfugaji, na maziwa yao aliyatengenezea vijibini vya mviringo vya gramu 35 viitwavyo Rocamadour, ambavyo mama mkwe alivionja kwa ukucha siku ya kwanza na kwa mkono mzima siku ya tatu. Daftari halikufunguliwa tena, kwa sababu ratiba ilikwisha kushikwa na wenyewe. Jumatatu daktari wa mifugo alirudi na gundi na skrubu, akautengeneza mguu, akalipwa wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Kila jioni mama mkwe alikusanya chicha akawamwagia kuku wa jirani kama afanyavyo Pangani, na kuku wale walijifunza kumngoja mlangoni.

Jumatano tulikwenda mjini. Figeac ndiko alikozaliwa mwaka 1790 Jean-François Champollion, yule aliyefumbua maandishi ya Wamisri wa kale mwaka 1822, na nyuma ya jumba la makumbusho lenye jina lake kuna kiwanja ambacho sakafu yake ni nakala kubwa mno ya lile Jiwe la Rosetta lenye maandishi ya aina tatu. Mtu hutembea juu ya herufi. Nilimweleza mama mkwe kwamba kwa zaidi ya miaka elfu moja hakuna aliyeweza kusoma maandishi yale, na kwamba Champollion alifika huko baada ya kujifunza Kikopti, lugha iliyozaliwa na ile ya Wamisri wa kale, kwa padri mmoja Mmisri aliyekuwa akiishi Paris.

"Kumbe yeye aliuliza mwenyeji," alisema mama mkwe, akaendelea kutembea.

Mke wangu alijifanya anatazama dirisha la duka.

Jumamosi saa 4 asubuhi tulirudisha funguo, na mwenye nyumba alinipa hesabu iliyoandikwa kwa mkono. Niliipiga picha, nikampelekea rafiki yangu wa Bukavu anisomee. Umeme, sawa. Usafi, sawa. Daktari wa mifugo hakudai kitu. Mstari wa mwisho ulikuwa wa marobota mawili ya nyasi kavu, ya mgeni wa kutoka Pangani.

Nililipa bila kubisha, na ndani ya treni nikafungua daftari, nikayaandika yale marobota mawili chini ya "Chakula". Mke wangu alisoma, akaniomba kalamu, akaandika pembeni: "Alikula nani?"