Nani Atarusha Mpira Iningi ya 18?

Oktoba 27, 2025, mechi ya tatu ya fainali ya besiboli. Hapa Worcester, Massachusetts, ilikuwa inaelekea saa tisa usiku. Mimi na mwenzangu wa zamu, Mdominika (mtu wa Jamhuri ya Dominika) ambaye besiboli kwake ni kama Simba na Yanga kwa mtu wa Kariakoo, tulikuwa tumeegemeza simu kwenye boksi ghalani, tukijifanya tunahesabu mizigo. Los Angeles Dodgers 5, Toronto Blue Jays 5. Mechi ya kawaida ina iningi 9, yaani kila timu inapata zamu 9 za kupiga; ikiwa sare, wanaendelea. Hii ilikuwa imefika ya 18.

Dodgers ndiyo timu ya Shohei Ohtani, yule wa mkataba wa dola milioni 700. Usiku ule Toronto walimwogopa hadi wakawa wanampa beisi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne vya kuzungukia ili kupata pointi, bure kuliko kumrushia mpira wa kupigika. Lakini aliyekuwa anarusha kwa upande wa Dodgers alikuwa Will Klein. Usijilaumu kama humjui. Walimtoa Seattle Juni mwaka huohuo kwa kubadilishana na mrushaji mwingine asiyejulikana, na habari yenyewe ilipita kama bodaboda usiku wa manane. Sasa ndiye aliyekuwa amebaki kwenye benchi la warushaji. Akarusha iningi 4, mipira 72, Toronto hawakupata kitu. Kisha Freddie Freeman akaupiga mpira ukaruka uzio, ikawa 6-5, watu wakaenda kulala. Sisi tukarudi kuhesabu mizigo kweli.

Tangu siku ile nimekuwa mgomvi. Mtu akinianzishia stori za usajili wa majira ya baridi, nani anamtaka nani, nani kawekewa mamilioni mangapi mezani, mimi namuuliza swali moja tu: na iningi ya 18 atarusha nani? Yaani, ukiacha nyota, kikosi ni kipana?

Kwa msomaji aliyekulia kwenye dirisha la usajili la soka, kuna mambo ya kuzoea kwanza. Msimu wa besiboli ukiisha mwanzoni mwa Novemba, hakuna mpira mpaka warushaji na wadakaji waripoti kambini katikati ya Februari. Miezi mitatu ya tetesi tupu na theluji. Na huku klabu hazinunuliani wachezaji kwa ada ya uhamisho kama tulivyozoea. Wanabadilishana watu kama ng'ombe mnadani: nipe huyu mmoja aliyekomaa, chukua hawa vijana wanne. Mchezaji mwenyewe haulizwi. Anapigiwa simu, anafungasha, mke anatafuta shule nyingine ya watoto. Anayeweza kugoma ni yule mwenye kipengele hicho kwenye mkataba, au mkongwe aliyetimiza miaka 10 kwenye ligi kuu huku 5 ya mwisho akiwa klabu hiyohiyo. Miaka yote niliyokaa huku, jambo hili bado linanikera kidogo.

Hiyo mikataba mikubwa siidharau, maana ina utamu wake. Wa Ohtani, uliosainiwa Desemba 2023, ni wa miaka 10, lakini kwa sasa anachukua dola milioni 2 tu kwa mwaka. Milioni 680 zilizobaki atalipwa kuanzia 2034 hadi 2043, bila riba. Yaani mchezaji ndiye anayeikopesha klabu. Mwaka uliofuata New York Mets wakampa Juan Soto milioni 765 kwa miaka 15. Mets haohao bado wanamlipa Bobby Bonilla zaidi ya dola milioni moja kila Julai 1 mpaka 2035, na mzee aliacha kucheza zamani. Ukiwa na chai na watu wawili wabishi, hapo unakesha.

Ila Soto ni jina moja. Orodha ya klabu ina majina 40, na wanaoruhusiwa kuvaa jezi siku ya mechi ni 26. Msimu una mechi 162. Bega la mrushaji halikuumbwa kwa kazi hiyo, na kufika Agosti nusu ya uliowapanga Januari wako kwa madaktari.

Naliona hili kwa macho kwa sababu ya ninapoishi. Tangu 2021 timu ya akiba ya Boston Red Sox, ile iliyo ngazi moja tu chini ya ligi kuu, inacheza hapa Worcester, Polar Park. Boston ni mwendo wa saa moja kwa gari kama barabara haijafunga. Jioni moja nilimpeleka binti yangu, tukasimama kwenye uzio wa pembeni, kijana mmoja mrefu akamsainia mpira huku anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kama yuko kijiweni Magomeni. Kesho yake jioni tukawasha televisheni, kijana yuleyule yuko Fenway, uwanja wa Red Sox kule Boston, anarusha iningi ya saba, mkono unamtetemeka. Binti akakimbilia mpira wake kuangalia kama saini ni ileile. Wiki ikaisha, karudishwa Worcester.

Mdominika wangu hoja hii ya kikosi kipana haimwingii, na ana silaha moja anayoitoa kila mwaka: Mookie Betts. Februari 2020 Boston walimtoa Betts, mchezaji bora wa 2018 wa American League (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu), wakampeleka Dodgers pamoja na David Price. Wakapewa Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong. Tukaambiwa gharama zinapungua na kikosi kinapanuka. Downs alicheza mechi 14 Boston, basi. Verdugo akaja kupelekwa kwa mahasimu, Yankees. Betts akapewa miaka 12 kwa milioni 365, na ameshabeba ubingwa mara tatu akiwa Dodgers. "Kikosi chako kipana hicho hapo, kaka," ananiambia, halafu anaendesha forklifti yake anaondoka kabla sijajibu.

Hapo ananiweza. Na nina dhambi nyingine nisiyomwambia: Desemba 2023 Boston walipomtoa Chris Sale kwenda Atlanta wakamchukua kijana Vaughn Grissom, mimi nilishangilia. Sale alikuwa kila mwaka ana jeraha jipya, nikasema afadhali kijana mzima kuliko mzee wa bandeji. Msimu uliofuata Sale akachukua tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake. Grissom alicheza mechi 31. Nisikilizeni kwa tahadhari.

Lakini kumuuza nyota ukaita kupanua kikosi ni kama kuuza jiko ununue sufuria tatu. Kikosi kipana hujengwa kwa chenji: mrushaji aliyeachwa na klabu nyingine, mkongwe anayekubali mkataba wa mwaka mmoja, kijana uliyemlea mwenyewe. Na kikishajengwa, kinanunua. Agosti 2024 walipandishwa Worcester vijana watatu waliokuwa wanasubiriwa kama mvua ya vuli, mmoja wao mdakaji Kyle Teel. Nilimpenda yule kijana. Desemba wakamtoa, pamoja na wenzake watatu, kwenda Chicago White Sox, wakamchukua Garrett Crochet. Niliudhika siku mbili. Mwaka 2025 Crochet akawatoa wapigaji 255 kwa sturaiki, yaani walimaliza nafasi zao bila kuupiga mpira wake ipasavyo, hakuna aliyemfikia kwenye American League. Boston wangelipa nini kama ghala lao la vijana lingekuwa tupu?

Mtu atasema Dodgers wanashinda kwa sababu ya pesa. Ni kweli, sibishi. Wanalipa kodi ya anasa, ile faini ya klabu inayopitisha kikomo cha mishahara, kama sisi tunavyolipa maegesho. Ila kwenye mechi ya saba ya fainali ileile, wakiwa wamebakiza watu wawili tu watolewe ubingwa uende Toronto, aliyepiga mpira ukaruka uzio na kusawazisha alikuwa Miguel Rojas, miaka 36, mpigaji wa tisa kwenye mpangilio wa tisa. Mabilioni yote yale, na ubingwa ukamsubiri mtu wa mwisho kwenye foleni.

Juzi wakati wa mapumziko mwenzangu alinionyesha simu huku anacheka. Klabu yetu, Boston, imemsajili mrushaji wa mkono wa kushoto ambaye hata Wadominika hawamjui, mkataba wa ligi ndogo, mwaliko wa kambini tu. "Mfalme wako huyo," akasema. Nikaichukua simu, nikaenda moja kwa moja kwenye takwimu zake kuangalia anawapa wapigaji beisi za bure ngapi. Si nyingi. Nikamrudishia simu, nikamuuliza tiketi za Polar Park zinaanza kuuzwa lini.