Mshale Uliokwisha Kuuacha Upinde

Mwaka 1898 mama yake Ramana Maharshi, mtawa wa Kihindu, alifika Tiruvannamalai, kusini mwa India, kumsihi mwanawe arudi nyumbani. Kijana huyo, aliyekuwa ameshika kimya, alimjibu kwa maandishi kwamba lisilokadiriwa halitatokea hata mtu ajitahidi vipi, na lililokadiriwa litatokea hata likizuiwa; basi lililo bora ni kunyamaza. Jibu hilo lina utulivu mkubwa. Hata hivyo, siwezi kulisoma bila kumfikiria mama aliyelipokea.

Je, mafundisho ya Kihindu yanamfunga mtu mikono? Wanavedanta, wafuasi wa mojawapo ya falsafa kuu za Kihindu, hukana. Wao hutofautisha karma, yaani matendo pamoja na malipo yake, iliyolimbikizwa tangu maisha yaliyopita, ile inayotendwa sasa, na prarabdha, yaani sehemu iliyokwisha kuanza kuzaa matunda, ambayo huifananisha na mshale uliokwisha kuuacha upinde. Huo haurudishwi, lakini mshale ulio mkononi na ile iliyomo podoni bado haijafyatuliwa. Bhagavad Gita nayo, kitabu kitakatifu cha Kihindu ambamo mungu Krishna anazungumza na shujaa Arjuna kabla ya vita, katika sura ya 18 inataja mambo matano yanayokamilisha kila tendo: mwili, mtendaji, viungo, juhudi za namna mbalimbali, na majaliwa, ambayo yamewekwa mwisho.

Kutoshikamana na matunda ya kazi, kama Gita inavyofundisha, kwa hiyo, si kuacha kazi. Arjuna, aliyevunjika moyo katika uwanja wa Kurukshetra, anaambiwa ainuke atende, ila asiifanye nafsi yake mateka wa matokeo. Sura ya 2 inamfananisha mtu aliyetulia na bahari inayopokea mito yote bila kufurika, na kwangu mimi mfano huo una uzito kuliko hoja nyingi, kwa kuwa bahari haiikatai mito.

Lakini B. R. Ambedkar, mwanasheria na mwanasiasa wa India aliyezaliwa katika jamii iliyohesabiwa kuwa najisi, aliyatazama mafundisho hayohayo kutoka upande wa waliokandamizwa. Aliona kwamba kumwambia mnyonge kuwa hali yake ni malipo ya maisha yaliyopita ni kumwondolea lawama aliyemdhulumu. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na maelfu kwa maelfu ya wafuasi wake. Haitoshi kumjibu kwamba watu waliipotosha Gita, kwa maana katika sura ya 4 Krishna mwenyewe anasema ndiye aliyeyaumba matabaka manne ya jamii kwa kadiri ya silika na matendo.

Ninaamini prarabdha ni neno ambalo mtu anaweza kulitamka juu ya msiba wake mwenyewe akapata nguvu; akilitamka juu ya msiba wa jirani, limekuwa hukumu. Gita haikuuweka mpaka huo waziwazi. Karibu na mwisho wake Krishna anamwonya Arjuna kwamba hata akikataa kupigana, silika yake itamlazimisha, kisha, aya chache tu baadaye, anamwambia ayatafakari yote aliyoyasikia, halafu atende kama apendavyo.