Halikuwa sufuria la biriani

Tuanze na kusahihisha. Halikuwa sufuria la biriani nililolikalia kule harusini. Shoga yangu ameshatuma voisi ya dakika nne kwenye magrupu matatu ninayoyajua, na jana usiku habari ilikuwa imeshafika Chake, kule Pemba, maana wifi yangu alinipigia kuniuliza kama nimeungua. Sikuungua. Biriani ilikuwa jikoni, haijapakuliwa, na haikuguswa na sehemu yoyote ya mwili wangu. Nililolikalia mie ni beseni la unga wa maandazi. Kama habari lazima isambae, isambae ilivyo.

Mnaonifuata hapa mnaijua hadithi ya lenzi, nimewachosha nayo mwezi mzima. Wageni nawapa kwa ufupi. Kamera yangu ni Canon ya sensa ndogo (kile kibamba cha ndani kinachonasa picha), ile tunayoiita kropu, na ilikuja na lenzi yake ya dukani, 18-55 (hizo milimita; namba ndogo inaona upana, kubwa inavuta karibu), ya plastiki, nyepesi kama kopo tupu la maziwa. Nikiionea haya. Unaingia harusini na kile kikopo, watoto wenye simu za macho matatu wanakutazama kwa huruma. Basi usiku silali, naangalia video za wapiga picha wa Ulaya. Yuko mmoja mwenye ndevu nyekundu, kasimama kwenye uwanja wa majani usio na mwisho, maharusi wake wako kuleee, na nyuma yao hakuna kiumbe, hata mbuzi. Kasema lenzi ya harusi ni 85, tundu 1.8, yaani tundu la mwanga limefunguka sana. Uso unabaki, kila kilicho nyuma kinayeyuka kama samli. Nikamwamini kama mtu alieniposa.

Ile 18-55 nikamuuzia kijana wa Fuoni kwa elfu themanini. Zamu yangu ya upatu ilipofika, nikanunua 85 ya mtumba. Wiki mbili nimepiga picha paka wa Forodhani mpaka wakaanza kunijua. Wallahi paka wale hawajapata kupendeza vile.

Kitu ambacho ndevu nyekundu hakusema (au alisema, nikarusha mbele) ni kuwa kwenye kropu ile 85 inavuta kama 136. Mtu akiwa mita tatu mbele yako, anaingia kutoka utosini mpaka kifuani, basi. Na vyumba vya Mji Mkongwe mnavijua. Virefu, lakini vyembamba, kwa sababu dari limelalia boriti za mikoko, na boriti ya mkoko hairefuki kwa kupenda kwako. Inaishia kwenye mita tatu na kidogo, na chumba nacho kinaishia hapo hapo. Ukuta ni jiwe na chokaa, mnene hivi, huusukumi.

Harusi ilikuwa Mkunazini, humo humo Mji Mkongwe. Sikupiga hesabu. Ningekuwa mtu wa hesabu ningesomesha skuli.

Jumapili, saa tisa na nusu, wanaume wako kwao, sisi tuko ndani na bibi harusi. Simu zote zimekusanywa mlangoni kwenye pakacha, si mnajua mambo ya harusi za wanawake, mtu kavua buibui hataki kujiona kwenye stetasi ya mtu. Ndiyo maana hakuna video, alhamdulillahi. Na ndiyo maana kila mtu katoka mle na toleo lake.

Nikachelewa kuanza, na hili naomba lisihesabiwe. Begi lilikuwa kwenye gari la kiyoyozi njia nzima. Nikaitoa lenzi kwenye chumba chenye joto, udi na wanawake thelathini, ikatoka jasho papo hapo. Nachungulia naona ukungu mtupu. Nikaifuta kwa ncha ya mtandio, ikarudi. Nikaifuta tena, ikarudi. Dawa yake ni kuiacha ipate joto taratibu, lakini mwambie hivyo mama wa bibi harusi. Nimekaa dakika kumi na tano nawapiga watu picha za uongo, nabonyeza tu wapate kutulia.

Ikasafika. Sasa ikaja picha ya ukoo.

Bibi harusi kakaa chini kwenye busati, mgongo kwenye ule ukuta mrefu, kajifunga kisutu, piko mpaka viwikoni, asmini kichwani, macho chini, haya zake zote zipo. Kulia kwake samadari limeziba njia, kushoto kabati la kioo. Pembeni yake wakajipanga mama, bibi mzaa mama, somo wake (kungwi wake), na mashangazi na mahalati mpaka wakatimia tisa, bega kwa bega. Na hapa tunazungumzia mabega ya heshima. Mita nne hizo.

Nikachungulia. Nikaona pua ya mama mtu.

Nikarudi hatua moja. Pua na jicho. Hatua ya pili nikagonga mgongo kwenye fremu ya mlango, nikamwona bibi harusi mzima, lakini yuko peke yake kama yatima. Nyuma yangu mlango uko wazi na unatoka uani, na shangazi mmoja, yule wa karibu na bibi harusi mwenye hereni za dhahabu kama sahani za kahawa, akaniambia kwa upole kabisa, "Rudi tu mwanangu, nafasi ipo."

Nafasi ipo. Hesabu nimekuja kuipiga jana kitandani: kuwatia watu wale tisa kwa ile lenzi nilihitaji kurudi mita kumi na tano. Kumi na tano! Hapo nimeshavuka ua, nimeshatoka mlango wa mbele, niko kichochoroni napigiwa kengele na baiskeli. Ile ya elfu themanini ingewameza wote nikiwa pale pale mlangoni.

Nikavuka kizingiti kinyumenyume, jicho moja kwenye kamera, jingine nimelifumba. (Wapiga picha wenzangu, hivi kwa nini tunalifumba?) Mkono wa kulia kwenye kitufe, wa kushoto nawapungia, "Tulieni hivyo hivyo! Mashallah! Msitikisike!" Nao hawakutikisika. Watu tisa walikuwa wanatazama nyuma yangu, na hakuna hata mmoja aliyetikisika.

Shoga yangu alikuwa kashika taa. Kaniona. Kwenye voisi yake anasema alipiga kelele. Hakupiga kelele. Aliuma mtandio.

Kidaraja cha kwanza nikakiweza. Cha pili sikukijua kuwa kipo. Kisigino kikatafuta ardhi, kikakosa, kikatafuta tena. Mwili wangu ukanipa muda wa kutosha kabisa kufikiri, na jamani, sikufikiri mgongo wala kichwa, nilifikiri laki sita za lenzi. Nikainyanyua kamera juu kwa mikono miwili kama mtu anayevuka maji na mtoto mchanga. Kwa hiyo mikono haikuwa na kazi nyingine. Nilichokuwa nacho cha kutangulia ni kimoja tu, kikatangulia.

Kwa ukingo wa jicho niliona kitu cha mviringo kimefunikwa kanga. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, mto.

Kikanipokea bila sauti. Kilikuwa na uvuguvugu. Kikabonyea, kikabonyea tena, halafu kikanipandia ubavuni huku na huku kwa upendo, kikatoa pumzi moja ndefu, *fuuuuu*, na uani kote kukanuka hamira na iliki. Magoti yangu yalikuwa usawa wa kidevu. Kimya. Nasikia njiwa juu ya paa. Halafu sauti ya mtoto, wazi kama ya mtangazaji: "Mamaa, anti kakaa kwenye maandazi."

Nikataka kunyanyuka, mpishi akatoka jikoni na mwiko. "Usisimame! Ukisimama utauchukua wote!" Hakuniuliza kama nimeumia, wala simlaumu, unga ulikuwa kilo nne. Wawili wakashika beseni, wawili wakanishika makwapa, mmoja akawa anahesabu. Niling'oka kwa mafungu. Somo wa bibi harusi, mtu mzima niliyekuwa namheshimu, akapiga kigelegele, na nyumba nzima ikamwitikia.

Kanga iliponiacha mwilini nikasoma jina lake. *Usisafirie nyota ya mwenzio.* Nikamkumbuka ndevu nyekundu na uwanja wake.

Yaliyobaki ni mafupi. Nimeazimwa dera, nimemaliza kazi, picha ya ukoo nimepiga watatu watatu, nimekula biriani (nimekula, sikukalia), nimelipwa nusu.

Sasa kamera. Kumbe kidole hakikutoka kwenye kitufe njia nzima, na ilikuwa kwenye mfululizo. Picha kumi na moja. Tano za mwisho ni boriti, ukingo wa paa na mbingu. Sita za mwanzo ni wao, wametumbua macho, mikono mdomoni, bibi harusi haya zimemtoka anaonyesha mpaka magego. Lakini tundu lilikuwa 1.8, na kwa umbali ule kinachokuwa kikali hakizidi urefu wa shubiri moja na nusu, kingine chote ukungu. Bibi harusi ukungu. Mama ukungu. Katika picha zote sita kitu kikali ni sikio la kulia la shangazi, na ile hereni, mpaka nakshi ya sonara unaihesabu.

Shangazi kaagiza kopi tatu.

Leo asubuhi nimempigia yule kijana wa Fuoni, nataka kikopo changu. Akasema laki na ishirini. Nikamwambia mdogo wangu, nimekuuzia elfu themanini, hata miezi miwili haijafika. Akanyamaza kidogo.

"Dada, samahani. Ni wewe uliyekalia biriani?"

Nikamwambia maandazi.

Akanipunguzia elfu kumi.