Ile ya Nyota

Mashine ya boti yangu ni Johnson ya farasi 25, na kabla ya kunifikia imepita mikononi mwa watu watatu ninaowajua na wengine nisiowajua. Kila aliyeimiliki aliipaka rangi yake. Kichwa buluu, shingo kijivu, na mguu, yaani lile pande la chini linalokaa majini na panga lake linalozunguka, una kijani kile cha milango ya misikiti, kimepakwa kwa ukarimu mpaka skrubu nyingine huzioni. Hiyo rangi ikumbukeni, tutakutana nayo tena.

Mie mwenyewe ni mwalimu wa hesabu. Boti niliinunua nipate kuvua siku za mapumziko, lakini tangu mke wangu aseme kwao kuwa tuna boti, nimekuwa nahodha wa ukoo mzima kati ya Mkokotoni, Unguja, na kisiwa cha Tumbatu. Mgonjwa, mzazi, magunia ya mpunga, wote wanavuka na mie. Silalamiki. Mama mkwe ana mjukuu anayemsomea kila kitu kwenye simu.

Arusi ilikuwa Jumamosi, Jongowe, kule Tumbatu. Jumatano nikaona nyuma ya boti mafuta yanatanda juu ya maji, yanang'aa rangi rangi. Nikampigia fundi. Akauliza maswali mawili tu, kisha akasema mshipi wa kuvulia umejisokota nyuma ya panga, umeikata sili, ile raba ya kuzuia maji, oili ya gia inatoka na maji ya chumvi yanaingia. "Mashine usiitumie. Mie nakwenda Jongowe arusini, nikirudi Jumatatu nitakufanyia. Alfu arobaini."

Alfu arobaini! Nikakaa na kalamu. Oili ya gia, ile nambari 90, chupa moja inatosha na inabaki, maana mguu hauli hata nusu lita. Kazi yenyewe ni kufungua, kumwaga, kujaza, kufunga. Nikajiambia, mtu anayefundisha aljebra anashindwa na skrubu? Sili itasubiri Jumatatu. Nitoe oili yenye maji, nitie mpya, nimpeleke mama mkwe na masinia yake, nirudi.

Jumamosi hiyo ilikuwa bamvua. Anayeijua Mkokotoni anajua maji ya bamvua yakitoka hutoka kweli, boti zinabaki zimelala mchangani. Saa tatu na nusu asubuhi boti yangu ilikuwa kavu. Maji yangerudi saa saba, na abiria wangefika saa nane. Nikachimba shimo chini ya mguu ili mashine isimame wima, kwa sababu ikiinama oili haitoki yote. Jambo ambalo sikulipigia hesabu ni kwamba shimo ukilichimba ufukweni halikai tupu. Ndani ya robo saa lilikuwa kisima, na kaa wawili wameshahamia.

Msaidizi wangu alikuwa shemeji yangu mdogo, miaka kumi na miwili, mwenye maswali mengi kuliko vifaa. Tukaanza na panga. Nikatia gia ya nyuma ili lisizunguke, nikachomoa pini, nikafungua nati, panga likatoka. Na kweli, mshipi ulikuwa umejizungusha pale kama uzi wa kibiringo. Tukautoa kwa kisu, panga likarudi mahali pake. Nikajiona fundi. Gia nikaiacha hapohapo ilipo.

Halafu nikampigia fundi anielekeze hizo skrubu. Kule Jongowe kidumbaki, ngoma ya arusini, kilikuwa kinajaribiwa kwenye spika.

"Mwalimu, nisikilize. Iko skrubu ya chini kabisa. Hiyo fungua."

"Ya chini. Nifungue."

"Iko ya juu, hiyo ya kuvutia pumzi." Dum! Dum! "Na ile ya nyota..." Dum! "...fungue kabisa!"

"Nifungue kabisa?"

"Eee!" Dum! "...fungue kabisa! Halafu jaza kwa chini mpaka itoke juu." Simu ikakatika.

Ya chini niliiona, ya bisibisi bapa. Ya juu niliitafuta, nikauzunguka mguu mara tatu, nikaona kijani tu. Lakini pembeni ya ile ya chini, imepanda kama upana wa vidole viwili, ilikuwepo moja ndogo yenye alama ya nyota. Nikapiga hesabu: nyota ndiyo hii, na hii iko juu kuliko ya chini, kwa hivyo ya juu na ya nyota ni moja. Darasani huwa nawafyeka wanafunzi kwa kuthibitisha namna hii.

Nikafungua ya chini. Oili ikatoka tone, ikasita, ikatoka tone. Hewa haiingii, oili itokeje? Hata galoni la mafuta ya kupikia lina tabia hiyo. Basi nikaifungua na ya nyota, kabisa, kama nilivyoagizwa. Ndani ya mguu kitu kikasema *tik*. Kidogo tu, kama mtu anayeweka kikombe juu ya kisahani. Na hapohapo oili ikaachia mbio, nami nikaona nimeipata.

"Shemeji," yule mtoto akasema, "mbona linatoka tui?"

Ndivyo lilivyokuwa. Jeupe, zito, tui la kwanza kabisa. Oili ya gia nzima huwa ya kahawia au nyeusi; ikiwa tui, ujue imechanganyika na maji, na gia zako zinakaangwa kwa chumvi. Tukalikinga kwenye galoni lililokatwa, lakini harufu hatukuwa na chombo cha kuikingia. Asiyewahi kuinusa oili ya gia akumbuke yai viza, kisha aongeze kiberiti. Mikono niliiosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mchanga. Siku ya tatu mke wangu bado alikuwa ananipakulia chakula kwa mbali.

Kujaza nikafuata maagizo: kwa chini, mpaka itoke juu. Utaratibu huo una akili yake, kwa sababu oili ikipanda kutoka chini inaisukuma hewa mbele yake, na ikichungulia juu unajua mguu umejaa. Ila "juu" yangu ilikuwa vidole viwili kutoka chini. Nikabonyeza chupa mara tatu, oili ikachungulia kwenye tundu la nyota. Tayari! Nimetumia ujazo wa kikombe kimoja cha kahawa. Wallahi nilifurahi. Nikamwambia shemeji, "Unaona watu wanavyodanganywa na mafundi? Chupa moja inatosha mara tano!"

Kufunga nako kukawa na lake. Washa ya skrubu ya chini, kile kiduara cha kuzibia, ilianguka kisimani, na kaa mmoja akaisogelea akiniangalia. Sikushindana naye. Nikakata kiduara kutoka kwenye ndara ya shemeji, nikakitoboa kwa msumari, kikakaa vizuri sana. Ya nyota ikaingia kwa ulaini wa ajabu, haikukamata kitu, nami nikaona hiyo ni dalili ya kazi safi.

Saa nane mama mkwe akafika na dada zake wawili, visheti sinia mbili, halua sinia moja, na sanduku la nguo za biarusi. Nikampa shikamoo na kumbusu mkono. Akaunusa mkono wake, akaniangalia, akaufuta kwenye buibui bila kusema neno. Tukapanda. Omo, yaani mbele ya boti, imeelekea nchi kavu, tezi, yaani nyuma, imeelekea baharini. Nikaweka mkono wa gia fri, nikavuta kamba. Mvuto wa pili, mashine ikaitika, na boti ikaondoka kinyumenyume kutoka ufukweni, taratibu, kwa heshima.

Kuondoka kulikuwa kuzuri mno. Mama mkwe alisema mashallah. Mie nilijua sijaitia gia, lakini unamkatizaje mkwe anayekusifu?

Tulipofika kwenye kina nikatia gia ya mbele. Boti ikaendelea nyuma. Nikarudisha fri. Nyuma. Nikatia mbele tena, kwa nguvu, na bismillahi. Nyuma, sasa kwa kasi zaidi. Mkono wa gia ulikuwa unakwenda huku na huku mwepesi kama wa mdoli, na huko chini panga lina mambo yake.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, macho yake yakiwa Mkokotoni, "mbona naendelea kuwaona wale walionisindikiza?"

Nikamwambia mkondo una nguvu leo.

Sasa, mashine ya boti ikirudi nyuma ukaiongezea mafuta hujinyanyua mguu, maana panga linavuta kwa nje. Yangu ikaruka juu, panga likatoka majini, ikapiga kelele ya trumbeta. Shemeji akailalia. Tulihitaji kamba, na kamba pekee ilikuwa ya nanga, ambayo nanga yake niliiacha ufukweni nikikimbizana na maji, na kamba nayo. Khalati mdogo akavua kanga aliyokuwa amejitanda juu ya buibui, akaitupa. Tukaufunga mguu kwa kanga. Upande wa maandishi ukabaki nje, na safari nzima nikawa naisoma, kwa sababu ilikuwa mbele ya pua yangu: *Usisafirie nyota ya mwenzio.*

Wakati huo sikuelewa kwa nini iliniuma.

Kurudi nilitaka. Lakini kurudi Mkokotoni nako kungebidi nigeuze tezi, nirudi kinyumenyume mbele ya bandari nzima iliyokuwa imeshaanza kukusanyika. Tumbatu angalau kuna watu wachache, nikadhani. Nikageuza tezi kuelekea Jongowe, nikaegemea mashine, tukaenda hivyohivyo. Boti haikuumbwa kukata maji kwa matako. Kila wimbi lilipanda nyuma, likanilowesha mie, likaingia ndani. Shemeji akashika kopo, akakumba maji njia nzima, mguu mmoja ukiwa na ndara na mwingine hauna.

Tukapishana na ngalawa. Mzee aliyekuwa kwenye usukani akanyamaza mpaka tukalingana, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, umesahau kitu bandarini?" Mwenzake akadakia, "Hapana, anafuta kibao." Hao walicheka mpaka tanga lao likapiga.

Nikamkumbuka Ole Evinrude, yule Mnorwe wa Wisconsin aliyeanza kuuza mashine hizi za kutundika nyuma ya boti mwaka 1909. Wanasimulia kwamba siku moja ziwani mchumba wake alitamani aiskrimu, Ole akapiga makasia kwenda kuinunua, na jua likaiyeyusha kabla hajarudi. Akili ikamjia palepale. Yaani mashine yote hii, na panga na gia, ilitokana na mwanamume kutumwa na upande wa mke, jua kali, chombo hakiendi. Tangu hapo sijaona mabadiliko makubwa.

Aliyeyatatua yote ni mama mkwe. Katikati ya mkondo, shingo imemchoka, akainuka, akashika bega la dadake, akageuka na kukaa akiwa ameelekea tezi. Akaitazama Tumbatu mbele yake. Akajifunika vizuri. "Haya," akasema, "sasa tunakwenda mbele." Khalati wote wawili wakageuka. Sinia za visheti zikageuzwa. Katika boti ile aliyebaki kinyume nikawa mie peke yangu.

Kuhusu watu wachache Jongowe, nilikosea. Kijiji kizima kilikuwa nje kungojea sanduku la biarusi, na mbele ya wote, kwa kanzu nyeupe na kikombe cha kahawa mkononi, amesimama fundi. Nikazima mashine mapema ili panga lisichimbe mchanga, tukaingia kwa upondo. Watoto walikuwa wanapiga makofi. Fundi hakuiangalia mashine, aliniangalia mie.

"Umeifungua ya nyota."

"Si uliniambia niifungue kabisa?"

"Nilikwambia *usi*fungue kabisa!"

Tukatazamana. Nyuma yake kidumbaki kikapiga: dum! Silabi mbili tu zilikuwa zimemezwa, nami nikawa nimezilipia nauli ya ukoo mzima.

Akanieleza huku anakunywa kahawa. Ndani ya mguu kuna kijimkono kinachozisukuma gia mbele na nyuma, na kinaegemea ncha ya ile skrubu ya nyota kama mlango kwenye bawaba. Ukiichomoa, kinaanguka, na gia inabaki ilipokuwa wakati huo. Hiyo ndiyo *tik* yangu. Ya juu, ya pumzi, aliifichua kwa ukucha pale pale. Ilikuwa chini ya kijani, tabaka tatu. Alipofungua ya chini akaitazama washa yangu muda mrefu. "Hii saizi ngapi?" akauliza. Shemeji akajibu, "Saizi thelathini na tano."

Tulirudi Jumapili tukivutwa kwa kamba. Jumatatu fundi akauangusha mguu wote, akatoa gia, akarudisha kijimkono, akatia sili mpya na washa za kiwandani. Laki moja na thelathini, na hapo kanipunguzia kwa sababu, alisema, kicheko alichokipata kina thamani yake. Ile ya nyota ameizungushia rangi nyekundu. Sasa mguu una rangi mbili.

Mama mkwe bado anapanda boti yangu. Hufika, hupokea shikamoo, huunusa mkono wangu kwanza kabla ya kunipa wake, kisha kabla hajakaa huniuliza, mbele za watu:

"Mwanangu, leo nikae nikiangalia wapi?"