Unataka ya Kuzidisha Matarajio ama ya Kufikia?

Jumapili saa mbili usiku. Hebu niambieni nyinyi wazazi wenzangu, hii saa mbili usiku ya Jumapili mwalimu ndo huwaambia watoto waingojee ama wanazaliwa nayo? Maana binti yangu yuko gredi ya 5 na tangu aanze shule sijawahi kusikia habari ya projekti siku ya Ijumaa. Ijumaa yuwacheza, Jumamosi yuwacheza, Jumapili twaenda kwa shangazi yake Likoni twarudi na feri watu wamebanana, tukifika nyumbani mie nishavua viatu nshakaa, ndo asimame pale mlangoni na ile sauti yake ndogo: "Baba, mwalimu amesema kesho twende na samaki."

Nikafikiri wa kupika. Nikaanza kupiga hesabu ya vibua. Kumbe samaki wa mozaiki, wa maganda ya mayai yaliyopakwa rangi, abandikwe kwenye karatasi ya manila, jina nyuma.

Sasa maganda ya mayai nitoe wapi? Kwetu yai huingia moja moja kutoka dukani, shilingi 20, linakaangwa na nyanya na kitunguu kingi mpaka lienee watu wanne. Mama watoto akanitazama tu, na mie nshajua tafsiri ya lile jicho, nikavaa kandambili nikashuka mpaka steji kwa yule kijana wa mayai boilo na smokie, pale chini ana ndoo ya maganda. Nikamwambia mdogo wangu nifanyie hisani nichote. Akanijibu bila kuinua uso, "Wewe ni wa nne leo, ni shilingi 50 karatasi." Maganda! Yale yale anayomwaga mtaroni kila usiku, leo yana bei, tena mayai yenyewe yashaliwa na watu wengine, mie nanunua mabaki. Nikalipa. Nifanyeje.

Msinielewe vibaya, huu mtaala mpya wa shule, huu wa umilisi, siuchukii. Mwaka wa 2017 ulipoanza kujaribiwa nilisema vizuri, mtoto ajifunze kwa mikono. Januari 2019 ukaingia nchi nzima nikasema sawa. Sa hivi hata jina umebadilishwa, si CBC tena, ni CBE, lakini gundi ni ile ile na mnunuzi wa gundi ni yule yule. Halafu tukaambiwa kuanzia gredi ya 4 mpaka ya 6 hizi kazi za shuleni zahesabiwa asilimia 60, mtihani wenyewe wa KPSEA, ule wa mwisho wa gredi ya 6, asilimia 40. Hapo sasa ndo wazazi walipopandwa na wazimu, maana hakuna anayejua ni ganda lipi linahesabiwa na lipi ni la kujifurahisha, basi yote tunayabandika kwa hofu.

Mie naendesha tuktuk, nabeba watu kuanzia Kongowea kuja huku kwetu Bombolulu, hapa Mombasa, kwa hivo hizi projekti ni abiria wangu. Jumatatu asubuhi utaona mtoto amebeba begi na mama amebeba projekti, na kila tukikaribia tuta napigiwa kelele "Pole pole we dereva, itabomoka!" Akiwa na mtoto mchanga mgongoni hanambii pole pole hivo. Na nimegundua siri moja, niliyempakia simuulizi kitu, namwangalia tu vile anavyoishika. Mtoto aliyetengeneza mwenyewe ameiweka chini, kiatu juu yake, yeye yuwala mahamri. Ile iliyotengenezwa na mzazi, mzazi ameipakata.

Muhula uliopita nimebeba Fort Jesus. Ngome nzima, ya maboksi na udongo, kuta zina ile rangi yake ya kuungua na jua, mizinga minne ya kalamu zilizokatwa, ndani taa zinawaka kwa betri. Mtoto wa gredi ya 4. Nikamwambia mashallah kijana, umejenga wewe? Akamtazama mamake. Mamake akatazama barabara. Wareno walianza kuijenga ile ngome 1593 wakamaliza 1596, miaka mitatu na mafundi wao na jeshi lao, huyu kijana kaimaliza wikendi moja na Jumapili akaenda madrasa.

Ukimuuliza mzazi yeyote pale getini ulisaidia kiasi gani, jibu ni moja, "kidogo tu." Nilimshikia makasi tu. Nilimchorea mistari tu, kupaka kapaka yeye. Hili neno kidogo bunge lingelitungia sheria ningeshukuru. Kuna baba mmoja kashika bastola ya gundi ya moto, kidole gumba kimeungua, amekifunga na bandeji, yuwaniapia kwa Mungu wake kwamba alisaidia kidogo. Mtoto ana vidole kumi vyote vizima, hata wino hana.

Lakini waliosaidia kidogo ni afadhali. Kuna hawa wanaokwenda kwa fundi.

Karibu na steji yetu pana seremala, zamani akitengeneza vitanda na stuli, sa hivi vitanda ameviacha nusu, vimesimama hapo nje havina miguu, yuwashughulika na masomo. Muhula wa kwanza binti yangu aliambiwa apeleke ala ya muziki, nikaenda kwake nimuulize bei. Akachukua penseli sikioni akaniuliza kwa utulivu kabisa kama daktari, "Unataka ya kuzidisha matarajio ama ya kufikia?"

Nikamwambia fafanua, kwani hayo si majina ya alama za shuleni? Akanifafanulia. Ya kufikia matarajio ni 300. Ya kuzidisha matarajio ni 600, kwa sababu ile inaingia vanishi. Ya kukaribia matarajio hatengenezi, anasema inamharibia jina. Nikasimama pale nafikiria, mwenyewe kaniambia aliacha shule darasa la saba, na hapa mtaani sahii ana watoto kumi na mmoja waliozidisha matarajio, hakuna mwalimu hapa aliyefikisha hao.

Basi nikasema nitengenezee hiyo ya 300. Akanisogelea, akashusha sauti: "Na nikuwekee makosa?"

Makosa gani?

"Makosa, mzee. Msumari mmoja uende kombo, rangi imwagike hapa pembeni, jina liandikwe na herufi moja imegeuka. Ikiwa safi sana mwalimu anashuku. Makosa ni shilingi 100 zaidi."

Jamani. Nimeishi miaka arobaini na kitu, makosa nimeyafanya bure siku zote, tena mengi, sikujua yana soko. Nikamuuliza mbona makosa yawe ghali, akasema kupiga msumari sawa ni mazoea, mkono unakwenda wenyewe, lakini kupiga kombo kama mtoto lazima atulie afikirie. Nikaondoka. Ile ala tulitengeneza nyumbani kwa mkebe wa mafuta na mipira, ikalia kama paka, tukapata tulichopata.

Turudi kwa samaki. Nikasema leo sisaidii, mtoto afanye mwenyewe, mie nitamshikia gundi tu. Nikakaa naye sakafuni kwenye mkeka, nikampa na hotuba, kwamba sisi wa 8-4-4, ule mtaala wa zamani, hakuna aliyetushikia kitu, mtihani wa KCPE wa darasa la nane ulikuwa wa alama 700 na sanaa imo ndani, tulisuka tukafinyanga kwa mikono yetu wenyewe hii. Akaniangalia akasema "Baba, gundi." Nikampa.

Akabandika ganda la kwanza. Likaenda upande. Nikasema lisogeze kidogo. La pili nikalisogeza mwenyewe. La tatu nikamwambia lete nikuonyeshe tu vile magamba hupangwa, ya mbele yayakalia ya nyuma, kama makuti kwenye paa. Saa tano usiku mtoto ameshalala, shavu juu ya manila, mie niko peke yangu sakafuni na kibano cha nyusi cha mama watoto, napanga magamba ya samaki changu, meupe tumboni, pinki mgongoni, na wallahi alikuwa changu, ungelimtia limau. Mama watoto akapita kwenda kunywa maji akasimama. "Mkia umepinda." Nikamwambia yuwaogelea. Akasema, "Si wewe uliyesema hutasaidia?" Nikamwambia nasaidia kidogo.

Asubuhi binti kaamka kaona. Nikangoja asante. Akaguna, akalia kabisa. "Mwalimu alisema samaki wa kufikiria! Huyu ni samaki wa kweli!" Akaanza kumbandua changu wangu kwa kucha, ganda moja moja, mie nimesimama na kikombe cha chai naona saa tatu za maisha yangu zinaanguka kwenye mkeka. Kwa dakika kumi akatengeneza wake. Samaki ana miguu. Ana miguu minne na soksi, na begi mgongoni, na jicho liko karibu na mkia kwa sababu, alivyonieleza, hutazama alikotoka asiachwe na wenzake kwenye feri. Akaandika jina nyuma, kwenye tuktuk akamweka chini akamkanyaga kwa kiatu. Nikasema haya, hii ni halali yetu.

Jioni samaki karudi na alama. Kukaribia Matarajio. Na chini yake kwa kalamu nyekundu: "Samaki hana miguu. Mzazi, tafadhali mwache mtoto afanye kazi mwenyewe, usimfanyie kwa haraka."

Mzazi! Yani kazi pekee katika lile darasa lote iliyotoka kwenye vidole vya mtoto ndo iliyoonekana ya baba aliyechoka. Na ile ngome yenye taa iko kwenye meza ya ofisi ya shule hadi leo, wageni wanaonyeshwa. Nikasema kesho nakwenda shuleni. Naingia na huyu samaki mkononi, namuuliza mwalimu amewahi kuona mtu mzima akimvisha samaki soksi?

Usiku nikalala nikipanga maneno. Na hapo katikati ya kupanga ndo likanijia jambo ambalo kwenye ile hotuba yangu ya mkekani nililiruka. Niko darasa la sita, mwaka wa 1996. Tuliambiwa kila mtu aje na ukili, ule utepe unaosukwa kwa miyaa, pima mbili ili tushone mkeka. Mie nilicheza mpira wiki nzima. Usiku wa mwisho bibi yangu, Mungu amrehemu, akakaa kizingitini kule Msambweni na koroboi na fungu la miyaa, akasuka pima mbili, mie nimelala. Asubuhi nikaubeba kifua mbele. Mwalimu akaukunjua wote mpaka mwisho wa dawati, akaugeuza chini juu, akaupitisha kidole gumba ukingoni pole pole, akanirudishia. Akasema tu, "Msalimie bibi yako."

Darasa zima lilicheka mpaka kengele. Shuleni sikwenda tena kumlalamikia mtu.

Juzi binti kaja tena, safari hii Jumamosi adhuhuri, nikashtuka nikadhani yuwaumwa. Kikapu. Cha ukili. Nikashika simu nikampigia mamangu, nikamsalimia shikamoo, habari za huko, mvua, kuku, halafu nikazunguka zunguka mpaka nikafika kwenye kikapu. Akanyamaza kidogo.

"Mjukuu wangu yuko darasa la ngapi hilo lenu?"

Gredi ya tano, mama.

"Basi huo ukingo nitauacha uende kombo, na chini nitaruka miyaa miwili."

Nikamuuliza, mama, na wewe haya umeyajulia wapi?

"Kwani wewe bibi yako hakukuwekea? Makosa matatu, nilimshikia koroboi mimi mwenyewe nikiyahesabu. Ila yule mwalimu wenu mikeka yake yote akinunua kwetu, angedanganywa vipi?"

Nikakaa na simu sikioni. Nikamuuliza sasa haya makosa yatanigharimu ngapi.

"Makosa yana bei gani tena, mwanangu? Nitumie ya miyaa."