Mfalme hakuwapo

Mwaka 1671 ilitoka picha ambayo Sébastien Leclerc aliichonga kwenye bamba la shaba. Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, amesimama kati ya wanazuoni wa Akademia ya Kifalme ya Sayansi, waziri wake Colbert yuko kando, na chumba kimejaa mifupa ya wanyama na vyombo vya kupimia. Dirishani linaonekana jengo la Observatoire, kituo cha kutazamia nyota.

Ziara hiyo haikufanyika. Akademia ilianzishwa mwaka 1666, ikawa inakutana katika maktaba ya Mfalme, mtaa wa Vivienne. Louis alikanyaga humo Desemba 1681, miaka kumi baada ya picha kuchapwa. Nayo Observatoire ilikuwa bado inajengwa, tena ng'ambo ya mto Seine. Leclerc aliisogeza tu ikae vizuri dirishani.

Basi wanaosema picha hizi za wanasayansi kazini ni kilemba cha ukoka hawajakosea. Tena hii iliwekwa mwanzoni mwa kitabu kikubwa cha Claude Perrault, mwanachama wa Akademia, kuhusu maumbile ya wanyama, na vitabu vya aina hiyo viligawiwa kama zawadi za Mfalme. Mtu mkubwa akifungua ukurasa, wa kwanza kumlaki ni Louis.

Tatizo langu na hoja hiyo ni kwamba inaishia kwa mfalme, haiangalii ile mifupa. Perrault na wenzake walipasua wanyama kwelikweli. Kufikia 1669 walikuwa wameshachapisha maelezo ya kinyonga, ngamia, dubu na swala, miongoni mwa wengine. Wengi wa wanyama waliopasuliwa walitoka kwenye bustani za wanyama za Mfalme. Fedha zilikuwa zake, mizoga ilikuwa yake. Kumchora katikati ya chumba ambacho hajawahi kuingia ni uongo kuhusu siku moja, ila kuhusu nani anailipia kazi ile, Leclerc alisema kweli tupu.

Alichokificha ni uchafu. Mifupa yake imening'inia mikavu na safi. Tembo wa Congo aliyefika Versailles mwaka 1668, zawadi kutoka kwa mtawala wa Ureno, alikufa 1681 akapasuliwa na Duverney, mwanaanatomia wa Akademia. Fikiria harufu ya siku hiyo, kisha irudie picha ya Leclerc.

Picha za hospitali zinanipa shida zaidi. André Brouillet alimchora Charcot, daktari mashuhuri wa mishipa ya fahamu, akifundisha katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, mwaka 1887. Mchoro ukachapwa na kusambaa. Mgonjwa, Blanche Wittmann, amelegea mikononi mwa daktari kijana Babinski, na kundi la wanaume linatazama. Mtu anaweza kuitetea: sura ni za watu halisi, na masomo ya namna hiyo yalifanyika kweli. Hapa hakuna mfalme wa kubandikwa.

Lakini tazama ukutani, nyuma ya wasikilizaji. Kumetundikwa mchoro wa mwanamke aliyejipinda kama upinde, kifafa cha histeria, yaani degedege la ugonjwa uliokuwa ukiitwa histeria, kama Charcot alivyokieleza. Wanafunzi wameupa mgongo. Anayeweza kuuona vizuri ni mgonjwa. Sidhani Brouillet alikusudia kumshtaki mwalimu, maana picha yote ni ya kumtukuza. Hata hivyo, wakosoaji wa Charcot walikuwa wakidai jambo hilohilo, kwamba wagonjwa wake walifundishwa namna ya kuugua, na sijui ushahidi gani ungewafaa kuliko huo. Mwaka 1901, Charcot akiwa amekwisha kufa, Babinski yuleyule alitoa hoja kwamba histeria ni dalili zinazoletwa kwa ushawishi na kuondolewa kwa ushawishi.

Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, aliyesoma kwa Charcot kuanzia 1885 hadi 1886, alitundika nakala ya picha hiyo katika chumba alichowapokelea wagonjwa wake mwenyewe.