Mjomba Alivyoisubiri Njia Nyekundu

Kabla hamjanicheka nikiri mwenyewe: nina jiji langu. Linaitwa Pasipopo. Lina mto mmoja, vilima viwili, na treni za chini ya ardhi zenye njia 7 na vituo 96. Halipo popote duniani, na ukilitamka jina polepole utaona kwamba lenyewe halifichi.

Wenzangu wakitoka kazini hutazama mpira. Mimi huchora reli. Nilianza nyuma ya daftari la hesabu nikiwa mtoto, na sasa ni mtu mzima wa kuheshimika mwenye kipimapembe na boksi la kalamu za rangi ambalo hulipandisha juu ya kabati wageni wakija. Wala siko peke yangu. Watu wa namna yangu ni wengi, ila hawasemi.

Mwalimu wangu katika mambo haya, bila yeye kujua, ni Harry Beck, aliyechora ramani ya treni za London mwaka 1931. Beck aliona kwamba abiria akishazama chini ya ardhi hana haja ya kujua juu kuna nini. Anachotaka ni kituo gani kinafuata na wapi abadilishe treni. Basi akazinyoosha njia zote, kona akazikata nyuzi 45 au 90, vituo akavipanga kwa nafasi karibu sawa kama vifungo vya shati, na juu ya ardhi hakubakiza kitu ila mto Thames. Wakubwa wakaikataa kwanza, wakaona kijana kazidisha. Mwaka 1933 wakaichapa, na abiria wakaigombania.

Ubaya wa ramani ya aina hiyo ni kwamba inakudanganya kwa adabu. Vituo vya Leicester Square na Covent Garden havifiki hata mita 300 kati yake, mtu anatembea huku anapiga mluzi akafika, lakini kwenye ramani vinaonekana safari kamili. Nakieleza hiki mapema ili mjue kwamba hatari ya ramani nilikuwa naifahamu. Sina kisingizio.

Mwaka jana niliona Pasipopo limeiva. Nikaichapisha ramani yake, upana wa mita moja, nikaitia fremu ya kioo, nikaitundika sebuleni. Nilitaka ifanane na zile zinazobandikwa vituoni, kwa hiyo kwenye kituo kimoja cha Njia Nyekundu nikatia doa kubwa na kuandika kando yake kwa herufi kubwa: UPO HAPA. Chini pembeni nikaandika kwamba treni ya kwanza ni saa 11 alfajiri, kisha kila dakika 3. Vituo nilivipa majina ya kawaida kabisa, maana jiji la kweli halina majina ya kishairi: Soko Kuu, Mahakamani, Daraja la Pili, Hospitali Kuu. Wageni waliitazama, wakasema "pambo zuri," tukaendelea na mengine.

Hadi alipokuja mjomba.

Mjomba wangu ni mstaafu wa reli. Ameitumikia miaka 31, akianza kama kibarua wa kubadilisha mataruma na kumaliza akiwa stesheni masta. Usukani wa gari hajawahi kuushika na hana hamu nao. Kwake gari ni treni iliyokosa malezi.

Alikuja kumtazama rafiki yake wa kazini aliyelazwa, akafika usiku, mimi macho yanajifunga yenyewe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kesho nakwenda hospitali kuu. Huku mnapanda nini?"

Sasa, jikoni kwangu kuna ramani ya mabasi, ya kweli, karatasi iliyokunjamana na kuingia mafuta. Ndiyo iliyokuwa kichwani mwangu. Nikajibu katikati ya miayo: "Ramani iko ukutani, mjomba. Imeandika kila kitu." Nikaenda kulala kama mtu asiye na deni.

Asubuhi nikatoka yeye bado yuko bafuni. Saa 5 simu ikaita, sauti inakatikakatika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa.

"Mjomba, umeshafika hospitali?"

"Bado. Nasubiri."

"Uko wapi?"

"Upo Hapa."

"Hapana, mimi nipo kazini. Nakuuliza wewe."

"Ndiyo nakujibu. Upo Hapa."

"Sipo hapo, mjomba!"

"Nani kasema upo? Mimi ndiye nipo. Nipo Upo Hapa."

Nikaishusha simu, nikaitazama, nikairudisha sikioni.

"Mjomba, hapo ulipo panaitwaje?"

"Mtoto huyu! Upo Hapa, Njia Nyekundu! Tena nimekaa saa mbili nzima. Ninyi mmeandika kila dakika 3. Nimepiga hesabu, treni 40 hazijaja. Arobaini! Enzi zetu ikichelewa moja, siku ya pili nimeshaitwa kujieleza."

Njia Nyekundu. Nilihisi tumbo limeshuka kituo kimoja.

"Mjomba, hapo ulipo ni juu au chini?"

"Utapandaje treni ya chini ukiwa juu? Nimeshuka nga..."

Simu ikakata. Mawasiliano ya chini ya ardhi ndivyo yalivyo.

Mjue kwamba tunapoishi hakuna treni ya chini ya ardhi. Hata ya juu hakuna. Nikaomba ruhusa kwa bosi, nikamwambia mjomba amepotelea chini ya ardhi, akanipa pole kwa sauti iliyonitia wasiwasi kwamba ameelewa vingine. Nikakimbilia nyumbani. Sebuleni nikasimama mbele ya ramani nikijaribu kuitazama kwa macho ya mtu anayeiamini, na hapo ndipo nilipoiona nembo.

London wana nembo yao tangu 1908, duara jekundu lenye mkanda wa buluu uliolala katikati. Na mimi nilitaka Pasipopo liwe na yake. Nisionekane nimeiga, mkanda wangu nikaufanya mweupe. Duara jekundu, mkanda mweupe katikati. Nimeichora mara 96, kituo kwa kituo, nikijisifu kwa ubunifu, na siku hiyo ndiyo kwanza naona nilichokuwa nachora. Ile ni alama ya barabarani ya "usiingie."

Hatua 200 kutoka kwangu kuna jengo la ofisi lenye maegesho chini yake. Kwenye mdomo ambao magari hutokea wametundika alama hiyo hiyo, kubwa, inang'aa. Dereva yeyote akiiona anakanyaga breki. Mjomba alipoiona aliingia.

Nilimkuta pale chini, taa moja ikipepesa, nguzo zimeandikwa A, B, C. Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na nguzo B, suti ya kijivu, fimbo kati ya magoti, mfuko wa zawadi za mgonjwa mapajani. Hakuwa peke yake. Pembeni yake alisimama mama mmoja na mkoba wake, halafu kijana mwenye tai, halafu mlinzi wa jengo. Wamepanga foleni. Na wote, naapa, walikuwa nyuma ya mstari wa njano wa kuegesha magari, kwa sababu mjomba alikuwa amewaamuru wasiusogelee ukingo wa jukwaa.

Nilikuja kukusanya habari kipande kipande. Mlinzi alipomwona mzee kasimama akamuuliza anamsubiri nani. Mjomba akasema, Njia Nyekundu. Mlinzi ana wiki tatu tu pale kazini na hakutaka kuonekana hajui watu wa jengo lake, kwa hiyo akajibu, "Leo wamechelewa kidogo," akamletea kiti. Mama alikuwa amekosea ngazi. Aliposikia kuna kitu kinakuja kila dakika 3 akaona hana haja ya kurudi juu kwenye jua. Kijana mwenye tai hakuwa na sababu yoyote. Aliona foleni akaunga.

"Mjomba," nikasema taratibu, "hakuna treni."

"Imefutwa?" akadakia kijana.

"Haijafutwa. Haikuwepo."

"Mradi huu mimi nimeusikia redioni," kijana akasema kwa ukali. "Usitufanye hatusikilizi taarifa ya habari."

"Nilijua tu," mama akasema, ingawa hakusema alijua nini.

Mlinzi naye akaona wadhifa wake unatikisika. "Kaka, mimi ndiye ninayekaa hapa. Jana ilipita."

Hapo nikakosa njia. Ikabidi niseme mbele ya watu wanne, chini ya taa inayopepesa, kwamba ile ramani nimeichora mimi, kwa mkono wangu, na jiji lenyewe nimelitunga. Kimya kikatanda. Gari moja likatokea nyuma yetu, dereva akapiga honi, tukalipisha.

"Umemchorea nani?" mama akauliza.

"Mwenyewe tu."

"Una umri gani?"

Swali hilo sikulijibu, na sitalijibu hapa.

Mjomba hakusema neno. Alinyanyuka, akamrudishia mlinzi kiti, akamshukuru kwa heshima zote za mtu wa stesheni, tukatoka. Hospitali tulikwenda kwa basi, hata dakika 10 hazikuisha. Njia nzima alitazama dirishani. Tulipofika alimweleza mgonjwa mkasa wote, na mgonjwa alicheka hadi muuguzi akaja kutuomba tutoke, akasema mshono utaachia. Nikadhani yameishia hapo.

Usiku nikamkuta mjomba sebuleni, miwani machoni, penseli mkononi, pua karibu iguse kioo.

"Hii njia ya duara," akasema bila kugeuka. "Dereva anajisaidia wapi?"

Sikuwa nimelifikiria.

"Na treni ikichelewa kituo kimoja, itaurudisha wapi muda wake? Njia yenye mwisho, treni inafika, inapumzika, inaondoka kwa ratiba. Hii yako inazunguka na kuchelewa kwake mgongoni mpaka usiku."

Nikajitetea kwamba London nao wana njia ya duara, waliikamilisha mwaka 1884. Nikafungua simu nimwonyeshe. Afadhali nisingefungua. Desemba 2009 duara lile walilikata wakaliunganishia mkia hadi Hammersmith, na sababu mojawapo ilikuwa hiyo hiyo aliyoisema. Mjomba hata hakuuliza Hammersmith ni wapi. Alishahamia mtoni.

"Madaraja manne. Mto mmoja, njia moja, madaraja manne! Aliyechora hapa halipi yeye."

"Ni kwa ajili ya mandhari, mjomba."

"Mandhari gani, treni si ya chini ya ardhi?"

Akapitia njia zote 7 namna hiyo, mara anaguna, mara anatikisa kichwa. Kisha akavua miwani, akaniuliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali: "Treni zako zinalala wapi?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Miaka yote hiyo, vituo 96, hata karakana moja sikuichora. Hakuna mahali pa kuosha mabehewa, pa kukagua breki, pa kuchonga magurudumu yaliyoliwa upande. Usiku vituo vikifungwa zinabaki tu zimesimama kwenye mahandaki, gizani, chafu. Mtaniona mjinga, lakini nilizionea huruma.

"Lakini mjomba, asubuhi si uliitazama? Mtu wa reli miaka 31, hukuona kwamba hakuna karakana?"

"Niliona."

"Sasa?"

"Nikajua mmeificha kwa sababu za usalama."

Tukaishusha ramani, tukaitoa kwenye fremu, mjomba akaitandaza mezani. Mwisho wa Njia Nyekundu, mahali nilipokuwa nimeacha peupe, akachora karakana. Reli 12 zikichanua kutoka kwenye pointi moja kama vidole vya mkono, banda la kuoshea, shimo la ukaguzi, kibanda cha zamu. Mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wangu. Pembeni ya kibanda akachora kisanduku kidogo sana, akakiandika "choo cha dereva." Halafu akaisogelea ile UPO HAPA, akaitazama kwa muda, akaongeza herufi mbili mbele yake. Sasa inasomeka HAUPO HAPA, na ndivyo ilivyorudi ukutani.

Wiki iliyofuata, mjomba ameshaondoka, nilipita mbele ya lile jengo nikitembea haraka na kutazama chini. Mlinzi akaniona.

"Kaka! Wale watu wameuliza tena. Ile Njia Nyekundu imefikia wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba karakana ndiyo kwanza imechorwa.